Muongo, Karne na Yubile: Hoja dhidi ya Kilatini cha Mkopo

Kuna dai lililozoeleka katika kumbi za semina na katika kurasa za uhakiki, kwamba Kiswahili kina umaskini wa maneno ya kutajia vipindi vya miaka vinavyorejea. Wenye kulitoa huanza kwa kupanga safu ya maneno ya Kiingereza yaliyotokana na Kilatini: la miaka miwili, la mitatu, la mitano, la kumi, la mia, la elfu. Kisha huuliza kwa masikitiko, Kiswahili kina nini cha kuweka mkabala wake? Hujijibu wenyewe kwamba kina "kila baada ya miaka miwili", na kwamba hayo si neno bali ni maelezo. Hapo ndipo hupendekezwa "bieniali", "senteniali", "milenia" na "jubilei", na anayesita kuyapokea huambiwa kwamba anaikwamisha lugha. Dai hili halikielewi Kilatini linachokisifu, wala halikijui Kiswahili linachokisikitikia. Madhara yake makubwa zaidi, kwa mwanafunzi wa fasihi, ni kwamba linavuruga tarehe za kazi linazodai kuzifafanua.

Kilatini chenyewe hakina muujiza hapa. Neno annus maana yake ni mwaka. Likitanguliwa na namba ndani ya neno moja, irabu yake hubadilika kuwa e, ndipo likapatikana biennium kwa miaka miwili, triennium kwa mitatu, quinquennium kwa mitano na decennium kwa kumi. Mrumi hakufanya zaidi ya kuunganisha "mbili" na "mwaka", jambo ambalo Mswahili hulifanya kwa kuacha nafasi kati ya maneno. Kama umoja wa neno ndio ustaarabu, basi ustaarabu wote umo katika nafasi ya mpiga chapa! Fauka ya hayo, neno la Kiingereza linaloenziwa kuliko yote, "centenary", halina mwaka ndani yake hata kidogo. Asili yake ni centenarius, yaani chenye kuhusu mia, iwe mia ya miaka au mia ya mizigo. "Centennial" lilibuniwa baadaye sana na watu wa zama za karibu kwa kuiga umbo la "biennial". Nao warithi wa hazina hii hadi leo hugombana juu ya "biannual" na "biennial", moja likiwa la mara mbili kwa mwaka na jingine la mara moja kwa miaka miwili. Hakuna mtoto wa Mji wa Kale aliyewahi kuchanganya "mara mbili kwa mwaka" na "kila baada ya miaka miwili".

Warumi wenyewe walijikwaa katika hesabu hii. Walikuwa na desturi ya kuhesabu kipindi kwa kuingiza ncha zake zote mbili, hata "kila mwaka wa nne" kwao likawa na uzito wa miaka mitatu kwa hesabu ya sasa. Julius Caesar alipoanzisha kalenda yake mwaka wa 45 K.K., makuhani waliokabidhiwa mwaka mrefu waliuingiza kila baada ya miaka mitatu badala ya minne, na kosa hilo likaendelea kwa miaka 36 hadi Augustus alipolisahihisha. Neno lilikuwepo, zuri na la Kilatini safi. Kilichokosekana ni makubaliano juu ya namna ya kuhesabu. Wala tatizo hilo halikuzikwa pamoja na Warumi. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 101, inaagiza uchaguzi mkuu ufanyike Jumanne ya pili ya Agosti katika kila mwaka wa tano. Uchaguzi ulifanyika Machi 2013, kisha Agosti 2017, kisha Agosti 2022. Anayehesabu kutoka 2013 hufika 2017 ikiwa tu ameuhesabu 2013 wenyewe kuwa wa kwanza. Anayehesabu kutoka 2017 hufika 2022 ikiwa tu ameuacha 2017 nje. Wanasheria wana sababu zao za kueleza jambo hilo. Kwa mwanafunzi wa lugha, hata hivyo, ni dhahiri kwamba "kila mwaka wa tano" na "kila baada ya miaka mitano" si kauli moja, na kwamba "kwinkwenio" isingemsaidia mtu yeyote kuzitofautisha.

Kuna neno moja la Kilatini ambalo wapenzi wa lugha hiyo hawalitaji kamwe, nalo ndilo lingewafunza zaidi. Ni lustrum, kipindi cha miaka mitano. Neno hili halitokani na namba yoyote. Kila baada ya hesabu ya raia, iliyoitwa census, watu walikusanyika uwanjani, wakazungushiwa nguruwe, kondoo na fahali, kisha wanyama hao wakachinjwa ili umma utakaswe. Jina la ibada hiyo ndilo lililokuja kuwa jina la muda uliopita kati ya ibada moja na nyingine. Sasa na atazamwe Mswahili. Katika miji kadhaa ya pwani, Siku ya Mwaka ilikuwa na desturi ya kumzungusha ng'ombe mjini kwa dua na kisomo, kisha akachinjwa na nyama ikaliwa kwa pamoja. Watu walioga baharini alfajiri ili kuuvua mwaka wa kale, na Makunduchi, huko Unguja, sherehe hiyo bado inaitwa Mwaka Kogwa. Kisiwani Mombasa, kaburi la Shehe Mvita ndilo lililokuwa kitovu cha sadaka ya siku hiyo. Haidaiwi hapa kwamba Mswahili aliiga Rumi au kwamba Rumi iliiga pwani. Kinachodaiwa ni kwamba neno la kipindi huzaliwa na tendo ambalo jamii hulirudia. Ambako tendo lipo, neno nalo halikosekani.

Tena neno lipo, na hesabu yake ipo. Mwaka wa Nairuzi, ambao jina lake ni la Kiajemi na ambao mabaharia na wakulima wa pwani waliutumia kwa karne nyingi, una siku 365 bila mwaka mrefu. Siku hizo ziligawanywa katika makumi 36, kila kumi likiitwa mwongo, na siku 5 zikabaki za ziada. Nahodha alijua ni katika mwongo upi upepo wa kaskazi hulegea na ni katika upi kusi hukaza hata vyombo visithubutu kutoka. Mwenye shamba alijua mwongo wa kupanda. Shina la neno hili ni la Kibantu cha kale, na ndilo lile lile linalosikika katika mĩrongo ya Kigikuyu na mirongo ya Kinyarwanda, yaani makumi.

Zaidi ya hapo, kwa kuwa siku 365 ni majuma 52 na siku moja, kila Nairuzi huangukia siku inayofuata ile ya mwaka uliopita. Basi wazee waliutaja mwaka kwa siku yake ya kuanzia: mwaka Juma, ukafuatwa na mwaka Jumamosi, na kuendelea, hata baada ya miaka saba jina lilirudi lilipoanzia. Huo ni mzunguko wa miaka saba ulio kamili, usiovurugwa na mwaka mrefu, na ambao kila mwaka ndani yake una jina. Septennium ya Kilatini ni namba tupu. Mswahili alikuwa na duara, lakini ndiye leo anayeambiwa kwamba hana istilahi.

Ni kweli kwamba kalenda hiyo huteleza. Bila mwaka mrefu, Nairuzi hurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne au karibu na hapo. Katikati ya karne ya 19 ilikuwa ikiangukia mwishoni mwa Agosti. Siku hizi huangukia Julai. Kwa mwendo huo itahitaji zaidi ya miaka 1,400 ili kuzimaliza nyakati zote za jua. Lakini mwenye kuiona hiyo kuwa dosari na akumbuke kwamba mwaka wa Hijria nao, wenye siku 354 au 355, huzizunguka nyakati zote kwa muda wa miaka 33 hivi, na hakuna anayesema kwamba Waislamu hawana kalenda.

Mtu akisimama Mama Ngina jioni, pale chini ya mibuyu ambako watu hula mihogo na kunywa madafu huku meli zikiingia mlango wa Kilindini, huwa amesimama mahali pa kalenda nyingi. Kwa upande mmoja ipo kalenda ya dola: tarehe 20 Oktoba 2019, Siku ya Mashujaa iliadhimishwa hapo hapo, katika bustani iliyokuwa imekarabatiwa karibuni. Kwa upande mwingine ni mlango wa bahari ambao vyombo viliuingia kwa msimu, na "msimu" ni neno la Kiarabu la wakati unaorejea kila mwaka, lile lile ambalo Wareno walilichukua na kulipeleka Ulaya likawa jina la pepo za Bahari ya Hindi. Hapa ni Ulaya iliyokopa. Wazungu hawakuona haya kulikopa, kwa sababu hawakuwa na kitu hicho kwao. Pepo zao hazirejei kwa ahadi. Na juu ya hizo mbili kuna mwezi, unaotazamwa kutoka ufukwe huo huo wakati wa kufunga na kufungua. Mwaka wa serikali, mwaka wa Nairuzi na mwaka wa Hijria hauna hata mmoja unaolingana urefu na mwenzake. Mtu anapotamka "senteniali" mahali kama hapa hana budi kuulizwa: mia ya miaka ipi?

Swali hilo si la utani. Miaka 100 ya Hijria ni miaka 97 tu ya jua, na hapo ndipo uhakiki wa ushairi wa Mombasa ulipopotoshwa. Muyaka bin Haji aliishi kati ya 1776 na 1840 hivi. Kitabu muhimu cha Mohamed H. Abdulaziz juu yake, kilichotoka 1979, kinamtaja tangu katika jina lake kuwa mshairi wa karne ya 19, na tangu hapo wanafunzi wamekuwa wakiandika, mtihani baada ya mtihani, kwamba Muyaka "alivuka karne mbili", nusu yake ya kale na nusu yake ya kisasa, kana kwamba mwaka wa 1800 ulikuwa mlango ambao yeye mwenyewe aliusikia ukifunguliwa. Mshairi huyo hakuwahi kuishi mwaka wa 1800. Aliishi 1214 na 1215. Karne yake, ya 13 Hijria, ilianza 1786 alipokuwa mtoto wa miaka kumi hivi, ikaisha 1883, miaka zaidi ya 40 baada ya kufa kwake. Utu uzima wake wote umo ndani ya karne moja. Ndani ya karne hiyo hiyo vimo vita vya Shela, uongozi wa Abdalla bin Ahmad al-Mazrui, ulinzi wa Waingereza wa 1824 hadi 1826, na kuanguka kwa Wamazrui mbele ya Sayyid Said mwaka wa 1837. Ule unaoitwa mpasuko kati ya "Muyaka wa mapenzi wa karne ya 18" na "Muyaka wa siasa wa karne ya 19" ni mpasuko wa kalenda ya msomaji. Haumo katika diwani. Kama kuna mpasuko, na utafutwe katika 1837, ambako upo katika maisha ya mji na unaweza kuonyeshwa katika beti.

Hata "karne" si neno la asili ya Kibantu, na wapinzani wa hoja hii hawatakosa kulikumbusha hilo. Ni qarn ya Kiarabu, yaani pembe, na pia kizazi, na pia miaka mia. Sadfa ya kupendeza ni kwamba "yubile" nayo ina pembe ndani yake: asili ya Kiebrania ni yovel, pembe ya kondoo dume iliyopigwa kuutangaza mwaka wa hamsini. Kilatini kiliipokea kama iubilaeus na kuichanganya na kitenzi chake cha kupiga kelele za furaha, na tangu hapo maana ya furaha imeimeza maana ya pembe. Pwani, ambako siwa za Pate na Lamu zilipulizwa katika shughuli za watawala, ingestahili kusikia pembe kabla ya furaha.

Ndiyo maana neno hili halifai kupita bila kuhojiwa. Katika sura ya 25 ya Mambo ya Walawi, ambako Biblia ya Kiswahili inaandika "yubile", mwaka wa hamsini ni mwaka wa watumwa kuachiliwa na wa kila mtu kurudia ardhi ya jamaa yake. Haukuwa mwaka wa gwaride. Papa Boniface VIII aliugeuza kuwa mwaka wa hija ya Roma mwaka wa 1300, akikusudia urejee kila baada ya miaka 100. Clement VI akaupunguza kuwa 50, na Paul II akaufanya 25. Waingereza wakautia madini na vito kwa heshima ya Malkia Victoria, almasi ikiwa ya 1897. Ilipofika Kenya mwaka wa 2013, miaka 50 ya uhuru ikaitwa jubilei ya dhahabu, na katika mwaka huo huo muungano wa kisiasa wenye jina hilo ukaingia madarakani. Pembe ilikuwa imeshanyamaza zamani. Katika pwani ambayo masuala yake ya ardhi yanarudi nyuma hadi Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, ambako maelfu wanaitwa maskwota juu ya udongo walikozikwa babu zao, kuutangaza mwaka wa yubile bila kurudisha hata shamba moja ni ama ujinga wa maana ya neno, ama kejeli. Wanaotetea "jubilei" kwa hoja kwamba ni neno tajiri la kimataifa waulizwe ni utajiri gani walioubakiza.

Upo mfano wa fasihi unaoumiza zaidi. Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa, alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972, na diwani yake Sauti ya Dhiki ikachapishwa 1973. Mwaka wa 2023 diwani hiyo ilitimiza miaka 50. Mhakiki anayelijua neno angeweza kuutumia "mwaka wa yubile" kwa maana yake kamili: mfungwa, uhuru, na nchi ambayo mshairi aliidai. Mhakiki wa "jubilei ya dhahabu" ana dhahabu tu. Akitaka kuitia diwani ya mfungwa katika safu moja na taji la Victoria, shauri lake, lakini asiseme kwamba Kiswahili ndicho kilichomlazimisha.

Haya yote hayatetei ule utakaso wa lugha unaotaka kila neno la mkopo lifukuzwe. "Sensa" ni Kilatini kitupu, lakini halimkeri mtu, kwa kuwa limekuja na tendo lake: Kenya imehesabu watu wake 1969, 1979, 1989, 1999, 2009 na 2019, na mwananchi anajua sensa ni nini kwa sababu karani wa sensa amebisha hodi. "Muhula" wa rais ni Kiarabu. "Hauli", kumbukumbu ya kila mwaka ya sharifu aliyefariki, ni Kiarabu pia, na hakuna "anivesari" itakayoweza kuiondoa, maana hauli ina wali wake na kisomo chake. Wala haikusudiwi kubuni neno jipya kwa kila namba. Sheikh Ahmed Nabhany, aliyefariki 2017 na ambaye runinga imebaki kuwa kumbukumbu yake katika kila nyumba ya Kenya, alizoea kurudi kwanza kwenye lahaja na kwenye vyombo vya kale kabla ya kubuni. Sambo ya Kiwandeo, utungo wake juu ya ujenzi wa chombo cha baharini, ni ghala la maneno ya namna hiyo. Njia yake ndiyo iliyopuuzwa. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifu, na tangu wakati huo msamiati wa Kimvita na wa Kiamu umekuwa ukihesabiwa kama pambo la ushairi badala ya akiba ya istilahi.

Mfano wa akiba iliyotumika vizuri, kisha ikatumiwa vibaya, ni muongo wenyewe. Kuuhamisha kutoka siku kumi hadi miaka kumi kulikuwa tendo la busara. Neno lilibaki na kumi lake, na anayecheka kwamba muongo unafanana na mwongo asemaye uongo na acheke tu, kwani wingi wao huwatenganisha. Kilichofuata ndicho kibaya. Wahakiki walianza kuandika "muongo wa tisini" wakitafsiri Kiingereza neno kwa neno, na wengine "muongo wa tisa" kwa kipindi hicho hicho. Muongo wa tisa wa karne ya 20 ulianza 1981 ukaisha 1990. Miaka ya tisini ilianza 1990 ikaisha 1999. Riwaya iliyotoka 1985 imo katika wa tisa na haimo katika ya tisini. Wanafunzi wangapi wameipeleka mahali pasipo pake kwa sababu mwalimu wao alikuwa akiwaza kwa lugha nyingine? "Miaka ya tisini" inatosha, nayo ni Kiswahili ambacho watu wote wanakisema.

Nyaraka za kale zinaonyesha jinsi kazi hii inavyoweza kufanywa. Chuo cha Herekali cha Bwana Mwengo kina tarehe ya 1141 Hijria. Utendi wa Mwana Kupona ni wa 1275. Katika vitabu vingi vya shule, tarehe hizo zimefutwa na kubakizwa 1728 na 1858 peke yake, kana kwamba mama aliyekuwa akimuusia binti yake alikuwa na kalenda ya ukutani iliyochapishwa London. Inatosha kuandika mwaka wa mwandishi kwanza, kisha wa msomaji. Kwa hesabu ya 1275, kati ya Herekali na Mwana Kupona kuna miaka 134. Kwa hesabu ya 1858 kuna 130. Miaka minne hiyo ya ziada Mwana Kupona aliihesabu, mwezi kwa mwezi.